Vidonge Vilivyoisha Sandukuni

Msimu wa kulinda mpunga ukifika, nyumba nyingi za Michenga hufungwa. Watu huhamia mashambani kufukuza ndege. Masanja naye alihama na wake zake, Sayi na Omega.

Sayi ndiye mke mkubwa. Kila jambo Masanja alimuuliza yeye kwanza: ng'ombe wauzwe lini, mpunga uwekwe wapi. Hilo lilimchoma Omega. Lakini sasa alikuwa na mimba, na alitaka mtoto wake awapite wa Sayi kwa kupendeza.

Kabla ya kuhama, alipanga nguo za mtoto kwenye sanduku la bati. Kati ya nguo alitia naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Sayi alimpa kitenge chake cha zamani cha kumfunikia mtoto. Omega alikinusa. Kilinuka moshi. Alikiacha kwenye kamba, akafunga sanduku kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

Walirudi baada ya mavuno, na Omega akajifungua mtoto wa kiume, Nazari. Alipofungua sanduku alishangaa. Vidonge vilikuwa vimebaki vidogo kama punje za mahindi. Vingine havikuwepo kabisa.

"Sayi ana ufunguo mwingine," aliwaambia wanawake bombani.

Maneno yakamfikia Sayi. "Nivichukue nivifanyie nini, nivile?" aliuliza.

"Utajua mwenyewe," alijibu Omega. Akanunua vingine vingi zaidi, akavitia kwenye nguo na chini ya mto wa mtoto. Kila asubuhi alimpaka Nazari mafuta, akamvika nguo za sandukuni. Alifurahi kwamba mwanawe ananukia kama duka.

Siku chache baadaye Nazari akaacha kunyonya vizuri. Macho yakawa ya njano. Nepi zikawa na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea. Omega akasema ni husuda ya Sayi, na akaanza kujiandaa kwenda kwa mganga.

Sayi aliingia, akamtazama mtoto machoni. "Nitukane njiani," alisema. "Sasa vaa viatu."

Walipanda bodaboda hadi hospitali mjini Ifakara. Muuguzi aliyeitwa Eveline aliinama, akanusa shali ya mtoto, akauliza zinahifadhiwaje nguo zake. Damu ikapimwa. Ilikuwa imepungua sana, na Nazari akaongezewa.

Hali ilipotulia, Eveline aliwaeleza. Naftalini ni sumu. Wapo watu wanaozaliwa na damu isiyoihimili, hasa wavulana, na kwa kuwatazama huwezi kuwajua. Sumu ikiwaingia, chembe nyekundu za damu hupasuka. Ndiyo sababu ya macho ya njano na mkojo mweusi. Mafuta ya kupaka huisaidia kupenya ngozi. Tena mtoto mkubwa anaweza kudhani vidonge ni pipi, akavila.

"Na vile vilivyoibwa sandukuni?" Omega aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vilivyobaki vilikuwa vimepungua?"

"Ndiyo, kama punje za mahindi."

"Basi hakuna mwizi. Naftalini hugeuka hewa kidogo kidogo, bila kuwa maji kwanza. Hewa hiyo huingia kwenye nguo. Ile harufu uliyoipenda ndiyo vidonge vyenyewe."

Omega hakuweza kumtazama Sayi.

Muuguzi akaomba nguo isiyo na harufu hiyo. Sayi akafungua mfuko wake, akatoa kile kitenge cha moshi.

Nazari alipona. Nyumbani Omega alitoa vidonge vyote, akafua nguo kwa sabuni na kuzianika siku nyingi, hadi harufu ikaisha. Siku hizi anazikausha vizuri juani, kisha anazifungia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Masanja bado humuuliza Sayi kwanza, na hilo bado humchoma Omega. Lakini alirudi bombani, mahali palepale alipomsema.

"Sayi hakuiba," aliwaambia. "Vidonge viligeuka hewa, vikamwingia mwanangu kwenye damu."

Dorika, jirani yake aliyejifungua juzi, aliacha ndoo ikifurika, akakimbia nyumbani kufungua sanduku lake.