Aliyesoma Vipimo

Fimbo ya chuma aliyoichonga Mwalimu Buberwa Jumatatu ilitoka nyembamba upande mmoja. Tofauti haikufika unene wa unywele, lakini alikuwa amefundisha ufundi wa vyuma miaka thelathini na moja, na vidole vyake viliitambua kabla ya maikromita. Kwenye mashine ya kukereza, chuma hushikwa ncha moja na mtambo unaozunguka, na ncha ya pili huegemea kichwa cha nyuma. Kichwa hicho kikihama kidogo tu, kazi yote huharibika. Akalegeza skrubu ya kushoto, akakaza ya kulia, akapima, akarudia mpaka kikanyooka. Jumanne alikikuta kimehama tena kwa kiasi kilekile, mistari mitatu kwenye saa ya kupimia, kifaa chenye mshale unaoonyesha tofauti ndogo.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kujifurahisha. Aliinunua alipostaafu na kuiweka katika chumba cha nyuma ya nyumba yake pale Kitendaguro, walichokuwa wakihifadhia kahawa. Siku za kunyoosha kichwa cha nyuma, mkewe Judica ndiye aliyekuwa macho yake. Mwalimu alikuwa na mtoto wa jicho, na akiwa ameinamia skrubu hakuweza kuuona mshale wa saa ya kupimia. Basi Judica alivaa miwani, akasimama nyuma ya bega lake na kumsomea mistari kwa Kihaya: ishatu, ibili, emo, yaani tatu, mbili, moja. Akichoka alimwambia kwamba chuma kimeshanyooka kuliko mwenye chuma, waende wakanywe chai.

Judica alifariki mwezi wa tatu, ameketi kwenye mazoezi ya kwaya, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mapajani.

Sasa ulikuwa mwezi wa tano. Jumatano alasiri mvua ilikuwa ikipiga bati, na Mwalimu alikuwa ameinama akipapasa skrubu, aliposikia nyuma ya bega lake sauti ya chini, isiyo na haraka.

"Ishatu."

Hakugeuka. Ilimjia harufu ya kitenge kilichotoka sandukuni, na chini yake harufu nyingine, kama ya chuma kilichochomwa moto. Mkono wake ukazungusha skrubu kabla yeye hajaamua. "Ibili," sauti ikasema. Akazungusha tena. "Emo." Kisha kimya, kama Judica alivyokuwa akinyamaza mshale ulipofika sifuri. Mwalimu aliweka paji la uso juu ya chuma baridi akalia mpaka mvua ikakatika.

Kesho yake alikuta kichwa kimehama, na akamshukuru Mungu.

Ikawa hivyo kila alasiri. Aliacha kuhesabu siku, akaacha kula, akaacha kwenda kanisani. Majirani wakampigia simu Elieth, mwanawe wa pekee aliyeolewa Kimwani, wilayani Muleba, wakamwambia baba yake anakwisha. Elieth alifika na begi dogo. Naye hakuwa mzima sana: mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mwanawe Byabato, wa miezi kumi, kwa malaria, na tangu hapo alikuwa akiongea kama mtu anayehofia kumwamsha mwingine.

Siku ya tatu alimpelekea baba yake chai kule chumbani. Alipovuka kizingiti, kikombe kikamponyoka.

"Tata," alimnong'oneza baba yake, "umemsikia?"

Mwalimu aliona aibu ya mtu aliyefumaniwa. Akamwambia taratibu kwamba amemsikia, na kwamba asiogope, ni mama yake.

"Mama?" Elieth alimtazama. "Huyo ni Byabato."

Wote wawili walikuwa wamesimama katika chumba kimoja, mbele ya mashine moja iliyozimwa, na wakati Mwalimu alikuwa akisikia wazi kabisa "ibili" ikisemwa kwa pumzi ya mwanamke wa miaka sitini na mitatu, aliuona uso wa binti yake ukifunguka na kulainika kama uso wa mtu anayesikia mtoto akicheka chumba cha pili, na ndipo baridi ilipompanda kutoka nyayo hadi kisogoni, kwa sababu alielewa kwamba kitu kilichokuwa nyuma ya bega lake wiki zote zile hakikuwa na sauti yake chenyewe, na kwamba kilichukua tu ile iliyomuuma kila mtu zaidi.

Alimtoa binti yake na kufunga mlango kwa kufuli. Elieth akautafuta ufunguo akaupata. Mchungaji aliitwa, akaomba kwa bidii, na chumba kikanyamaza siku tatu. Siku ya nne Mwalimu alisikia mashine ikinguruma. Alimkuta Elieth ameinama juu ya mtambo unaozunguka, sikio karibu na chuma, ncha ya khanga yake ikiwa imeshaanza kuvutwa. Akazima umeme. Binti yake alimweleza kwa upole kwamba mtoto hucheka zaidi mashine ikizunguka.

Siku hiyohiyo Mwalimu aliteremka mjini kwa Mzee Muharami, mtu wa kisomo aliyejulikana kwa kutoa majini majumbani. Aliona haya, yeye Mlutheri, kukaa mkekani kwake. Muharami alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kichwa hicho kikishanyooka, Ta Buberwa, unamhitaji tena wa kukusomea?"

"Hapana."

"Basi ndiyo maana hakinyooki."

Alimweleza kwamba yeye atasoma dua, lakini jini aliyekaribishwa hutoka kwa kauli au tendo la aliyemkaribisha. Mwalimu anyooshe mashine peke yake, asipokee hata kipimo kimoja. Na binti naye aseme kwa kinywa chake kwamba yule si wake.

Walifanya Jumamosi asubuhi. Muharami aliketi kizingitini na chetezo cha ubani. Elieth alisimama ukutani. Alipoambiwa aseme, aliuliza kwanza, akimtazama baba yake.

"Wako ulikaa naye miaka arobaini, Tata. Wangu miezi kumi. Nitasemaje?"

Mwishowe midomo yake ikacheza bila sauti kusikika, na wao, kwa huruma, wakakubali kwamba amesema.

Mwalimu aliweka kando saa ya kupimia. Alifunga fimbo mpya, akaichonga utando mwembamba, akapima ncha zote mbili kwa maikromita na kioo cha kukuzia, akagusa skrubu, akachonga tena. Nyuma ya bega lake sauti ilianza kwa utulivu, ikamsomea mistari isiyo ya kweli, akaipuuza, ikamwomba apumzike, wakanywe chai, akaipuuza, jasho likimchuruzika machoni, na kadiri tofauti ilivyopungua ndivyo sauti ilivyomsogelea, mpaka pumzi yake ikawa shingoni mwake, na harufu ile ya chuma cha moto ikafunika ubani wote, na ikamwambia kwa sauti ya Judica ya usiku ule wa kwanza wa ndoa yao, sauti ambayo hata yeye alikuwa ameisahau, "Buberwa, huku kuna baridi. Usinifungie nje."

Mikono yake ikasimama. Muharami hakuacha kusoma. Mwalimu alimtazama binti yake pale ukutani, akakaza skrubu.

Alipopima, ncha zote mbili zilikuwa sawa. Chumba kilinuka mafuta ya mashine tu. Alikaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akajua kwamba Judica amekufa.

Elieth alirudi Kimwani asubuhi iliyofuata. Hakuaga vibaya.

Baada ya wiki tano mumewe, Kamala, alipiga simu. Alizungumza kwa kusitasita, kama mtu anayeona haya kumwambia mkwewe jambo la namna hiyo. Alisema mkewe hakai tena ndani, anashinda kwenye migomba. Kisha akasema anatokwa na maziwa, kifua chake hakikauki, na mtoto ametimiza mwaka mzima tangu azikwe.

Mwalimu alimpitia Muharami, wakapanda basi la kwanza. Walimkuta Elieth ndani kabisa ya kibanja chao cha migomba, ameketi kwenye majani makavu, blauzi imelowa, mikono yake imekunjwa ikishikilia hewa tupu kwa uzito wa kweli. Alikuwa amekonda, lakini uso wake ulikuwa na amani ambayo baba yake hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Muharami alifungua kinywa aanze kusoma.

"Tata," Elieth alisema, "mwambie apunguze sauti. Ndiyo kwanza amelala."