Tela Lilinipita Mteremkoni

Jamani, umewahi kupitwa barabarani na tela lako mwenyewe?

Mimi yamenikuta.

Nilikuwa nashuka mteremko wa ziwani na pikapu, nyuma navuta tela la kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki tunavyokodisha mimi na mume wangu. Tela alilifunga yeye asubuhi. Mwenyewe katangulia na gari dogo, kayaki mbili juu ya keria.

Nikasikia kaa!

Kugeuka... tela hilo hapo dirishani, linanipita!

Likavuka barabara, likazama mtaroni. Kayaki zikatawanyika kama njiti za kiberiti.

Nikasimama. Sikupiga kelele. Mikono imetulia kwenye usukani kama si yangu.

Mume wangu akarudi mbio. Nikajua ananikimbilia mimi.

Akanipita.

"Ile kayaki nyekundu iko wapi?!"

Hata pole, jamani... hakuna!

Nyekundu ilikuwa imefyatuka mfuniko wa tundu la mizigo. Ndani kuna begi, limefunguka. Mashati yake. Na gauni la kijani.

Gauni lile nililishona mimi. Nikampa mdogo wangu wa tumbo moja, tunayeishi naye. Asubuhi aliaga anaenda saluni.

"Anakusubiri ziwani?"

"Mke wangu, usianze..."

"Mnavuka ng'ambo?"

Akainama kuokota mashati.

Yaani mizigo ya kunitoroka, dereva wake mimi!

Mnadhani nililia? Nilichukua mikanda, nikaanza kuzifunga kayaki zilizopona kwenye keria ya pikapu. Wageni walikuwa wanangoja.

Ndipo nikaiona cheni ya usalama. Haikukatika. Imefunguliwa, ikaviringishwa vizuri. Pini inayolishikilia tela kwenye pikapu haipo.

"Kumbe ulitaka na kuniua?"

"Haki ya Mungu, si mimi!"

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe, tunayekaa naye, alikuwa sebuleni, pini mkononi.

"Niliwaona wakificha begi, mwanangu. Nikafungua cheni, nikachomoa pini. Nilijua litaachia hapo hapo getini, kwenye tuta. Begi limwagike, ujionee mwenyewe."

"Mama, ningekufa."

"Najua."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningeanzaje? Yule nimemzaa."

Hasira niliitafuta, sikuiona. Nilimwekea maji ya kuoga kama kila siku, nikaenda kuanua nguo. Za mdogo wangu zilikuwepo pia. Nikazikunja.

Wapendwa, ukijua mwenzio anasalitiwa, fungua mdomo umwambie. Waliofanya usaliti hawakunitoa hata tone la damu. Aliyenihurumia kimyakimya ndiye aliyebakiza kidogo anizike.