Vidonge vya Kuongeza Damu Si vya Kila Mtu

Kila asubuhi mama alimpa binti yake vidonge na maji, akasimama palepale mpaka vimezwe.

Binti alikuwa fundi cherehani. Unene ulimlemea magoti, hata kukanyaga cherehani ikawa taabu. Akafanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula tumboni. Miezi mitano baadaye, nguo zake zilimpwaya. Lakini alichoka ovyo, na vidole vilimuuma mpaka sindano ikamponyoka.

"Huna damu wewe," mama alisema. Juu ya vidonge vya hospitali akaongeza vingine vya kuongeza damu, vya dukani.

"Mama, utanigeuza duka la dawa!"

"Meza. Maneno baadaye."

Siku moja jirani yao muuguzi alifuata sketi yake. Akaona vichupa mezani.

"Amepimwa damu?"

"Apimwe nini, mwanangu? Humwoni alivyonyong'onyea?"

"Hivi vina madini ya chuma, mama. Wapo waliozaliwa na mwili usiojua kusema basi. Chuma kinarundikana kwenye ini, moyo na viungo. Nao huchoka vivyo hivyo. Kwenu yupo mwenye shida hiyo?"

Mama aliketi taratibu. "Baba yake mkubwa alikuwa akitolewa damu hospitali mara kwa mara. Tukimtania kwamba anayo ya kugawa."

"Daktari wa operesheni mlimwambia?"

"Aliuliza magonjwa ya ukoo. Nikasema hakuna. Nilidhani anataka sukari na presha tu!"

"Basi twendeni leo."

Daktari alipima. Chuma kilikuwa kimezidi, ila ini lilikuwa bado zima.

"Mmewahi," alisema. "Vya chuma acha. Vitamini nyingine endelea nazo, tumbo dogo linazihitaji. Nitakupa zisizo na chuma. Tutakutoa damu kidogo kidogo, chuma kitoke nayo, na kupima kila baada ya miezi mitatu. Ndugu zako nao wapimwe."

Mama alimwendea mwanawe mkubwa, dereva wa lori.

"Mimi mzima, mama!"

"Mzima utajulikana maabara. Tangulia mbele yangu, twende."

Kumbe naye alikuwa na ugonjwa huohuo, ila ulikuwa haujamgusa popote. Akaanza kutibiwa.

Uchovu wa binti ukapungua mwezi hadi mwezi. Juzi alishona gauni la bibi arusi lenye vifungo arobaini, vidogo kama punje za mtama. Vyote alivifunga kwa vidole vyake mwenyewe.