Bendera Nyekundu ya Bwana Kombo

Maiti ya Msabaha, mrina asali, ilikutwa chini ya mninga, imelala kifudifudi juu ya kienge, mwenge wa makuti wa kufukizia nyuki. Msitu wa serikali nyuma ya Mapinga ulikuwa bado unafuka moshi.

Inspekta Mwinshehe alichuchumaa, magoti yakalia. Mwaka huo wa 1956 alikuwa hajapata hata Ijumaa moja ya kukaa na watoto wake, na sasa hili. Akakitoa kile kienge, akakigeuza. Ncha yake haikuwa na alama ya moto.

"Hakukiwasha," alisema.

"Basi ni Pazi, afande," alijibu Konstebo Hija. "Shamba lake limepakana na msitu, nalo limeungua. Nimeshamtia ndani."

"Amekiri?"

"Atakiri tu."

Mwinshehe alishika njia ya kurudi kituoni. Kuua bila kukusudia si kesi ya mchezo, ni miaka mingi jela. Na Sikuzani, mke wa Pazi, alikuwa ameketi nje ya kituo tangu alfajiri, mimba imemfika kifuani.

"Shikamoo, Inspekta," alisema Pazi mahabusu.

"Marahaba. Ulichoma shamba?"

"Haki ya Mungu sikuchoma! Adhuhuri, upepo wote ule? Sisi huchoma jioni upepo ukilala, tena tukishaita majirani. Na bendera ya Bwana Kombo ilikuwa juu. Twaicheka, lakini macho tunayo."

Kombo alikuwa msomi aliyerudi kutoka ng'ambo kutafiti moto wa msituni. Alipima joto, upepo na ukavu wa majani, akakisia siku ambayo cheche moja ingetosha kuleta balaa. Siku hiyo hupandisha bendera nyekundu. Vijana walimwita Bwana Bendera, na walichoma mashamba yao kama kawaida.

Kibanda chake cha vipimo, ukingoni mwa msitu, kilibaki majivu. Mwinshehe aliyachakura kwa kijiti mpaka kiuno kikamuuma. Misumari na bawaba. Basi.

Alimkuta Kombo nyumbani kwake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Pole kwa kibanda, bwana."

"Nimeshapoa."

"Mlikuwa na vipimajoto vingapi mle?"

"Vinne."

"Mbona majivuni hamna hata kipande cha kioo?"

Kombo alitazama rafu. Vyote vinne vilikuwa pale, vimeviringishwa pamba.

"Nilivitoa kuvisafisha."

"Lini?"

"Asubuhi ile."

"Siku ya hatari kuliko zote, ndiyo unang'oa vipimo? Bwana Kombo, mimi nimechoka. Tusichoshane."

Kombo akakaa kitini kwa uzito.

"Miaka mitatu naonya, nachekwa," alisema. "Wakubwa wameamua kituo kifungwe mwezi ujao, eti moto wenyewe hauonekani. Nikataka uonekane mmoja. Mdogo! Nilifyeka njia ya kuuzuia. Upepo ukazidi, moto ukairuka."

"Na Pazi ukamwacha alale ndani?"

"Niliogopa. Kila saa nilisema nitakuja, miguu ikakataa." Alijifuta uso. "Lakini wallahi sikujua kuna mtu msituni. Nilitazama kabla ya kuwasha. Mrina asali huwasha kienge, afukize nyuki. Nilitafuta moshi wake, Inspekta. Haukuwapo."

Mwinshehe alivua kofia. Maneno yaliyobaki hakuyapenda, lakini ilibidi yasemwe.

"Nilimhoji mjane wake, Biubwa. Msabaha akiiona bendera yako hawashi kitu. Hujilalia chini ya mti, asubiri mpaka uishushe."

"Yeye?"

"Yeye peke yake. Mapinga nzima."

Kombo alilia kwa sauti, kama watoto waliavyo, na Mwinshehe akamwacha alie. Kisha akamtia pingu, akamtuma Hija, aliyekuwa akingoja mlangoni, aende mbio akamfungue Pazi, mkewe ampeleke nyumbani.

Walipotoka nje Kombo alisimama. Juu ya mlingoti wa uani kwake bendera nyekundu ilikuwa ingali inapepea. Hakuna aliyeikumbuka.

"Niruhusu niishushe," alisema. "Alikuwa anaisubiri."

Mwinshehe akatafuta funguo mfukoni, akamfungua pingu.