Kilichoua Kuku wa Robi

Kuku wote wa mayai walikuwa wamekufa, miguu juu, ndani ya banda la Robi kijijini Matongo. Nje, kuku wachache wa kienyeji walikuwa wakiparua uani kana kwamba hakuna msiba.

Inspekta Elieth Waisiko, aliyetoka kituo cha Tarime, alichuchumaa akanusa maji ya kunywea. Hayakuwa na harufu ya dawa.

"Ni Mogesi, jirani yangu," Robi alisema huku akifuta machozi. "Kuku waliharibu mchicha wake, akaapa kuwamaliza."

Vijana wenye fimbo walikwishaanza kuelekea kwa Mogesi. Inspekta aliwawahi, akamweka konstebo mlangoni, kisha akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuuliza. Uliapa kuwamaliza kuku wa Robi?"

"Niliapa. Nilikuwa na hasira."

"Ukawapa sumu?"

"Mimi? Robi alipolazwa, nani alilea wanawe? Nimuulie kuku, halafu nimtazame usoni vipi?"

Inspekta alimwamini. Lakini kumwamini mtu si ushahidi.

Alirudi kwa Robi, akawatazama tena wale kuku wa kienyeji. Kama mtu angemwaga sumu uani, hao ndio wangekufa kwanza.

"Hawa wanakula nini?"

"Wanajitafutia. Chakula cha gunia ni cha waliomo bandani tu."

Benedicto, daktari wa mifugo, alimpasua kuku mmoja. Ini lilikuwa limevimba, rangi ya manjano.

"Mama, walikufa ghafla?" alimuuliza Robi.

"Walikuwa wamezubaa siku kadhaa. Mayai nayo yalipungua."

"Basi hii si sumu ya kurushwa usiku. Msile nyama hii, wala mayai. Nachukua sampuli ya chakula."

Inspekta alimgeukia Robi. "Nani anakichanganya?"

Uso wa Robi ulilainika. "Mume wangu, Mseti. Tangu nifanyiwe upasuaji Musoma, hataki niinue hata ndoo. Wenzake wanamcheka eti anapika uji wa mgonjwa. Hajali."

Majibu ya maabara yalipotoka, yalitaja sumukuvu: sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyopata unyevu. Inspekta aliwakutanisha Robi, Mseti na Mogesi sebuleni.

"Mseti, mahindi ya kuku uliyatoa wapi?"

"Shambani kwetu."

"Yalinyeshewa?"

Mseti alikuna kichwa. "Kidogo."

"Mzee, maabara haisemi kidogo."

Mseti alimtazama mkewe, kisha sakafu.

"Yalinyeshewa yote," alisema. "Niliyaacha yameanikwa uani siku ile ulipozidiwa, Robi. Nilikaa na wewe Musoma. Niliporudi yalikuwa yameota ukungu wa kijani. Sikuthubutu kuwapa watoto. Mahindi ya kula niliyapata kwa kumtoa beberu wangu. Yale mabovu nikayakausha, nikayasaga na dagaa. Nilidhani kuku hawadhuriki."

"Lakini nilikuuliza pale kitandani," Robi alisema. "Ukasema yako ghalani, salama."

"Kidonda kilikuwa kibichi. Ningekuambiaje kwamba jasho lako la msimu mzima limeoza?"

"Na mama Mogesi alipokaribia kupigwa?" Inspekta alimkatiza. "Hapo pia ulikuwa unamhurumia mkeo?"

Mseti aliinama. "Hapo niliona aibu tu. Nisamehe, mama. Nimekukosea sana."

Mogesi alivuta pumzi. "Utanilimia bustani yangu yote. Na uweke uzio."

"Nitaweka."

"Hakuna mtu wa kukamatwa hapa," Inspekta alisema. "Ila chakula chote kilichobaki kitateketezwa mbele ya daktari. Na wewe Mseti, utasimama mbele ya wale vijana uwaeleze ukweli wote."

Robi alimwomba Mogesi radhi, akakumbatiwa. Kisha akaketi karibu na mumewe, akamshika mkono.

"Siku nyingine uniambie, Mseti," alisema. "Nilipozinduka pale wodini sikutafuta mahindi. Nilikutafuta wewe."

Inspekta Elieth alichukua kofia yake, akatoka taratibu.