Mkono wa Benchi la Nyuma

Benchi la nyuma lilikuwa na tope. Kasonde aliliona asubuhi akifagia kanisa, akalipuuza, maana kupuuza ndiyo kazi aliyoiweza tangu utotoni. Mvua ilishaisha mjini Mansa, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, halafu benchi moja lina tope bichi, jekundu, linalonuka kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Akafuta kwa tambara, akaendelea na mluzi wake.

Mdomo aliojaliwa huyu mwinjilisti ungetosha wahubiri wanne, na ungebaki wa kuuzia mitumba. Misheni ya Ndola ilimtuma aanzishe kanisa jipya, akaja kifua mbele. Kumbe huku watu hawakumkataa Yesu. Wangemkataa, angalau angepata wa kugombana naye. Walikuwa naye tayari, wote. Anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa karanga, anaambiwa, "Sisi ni Wasabato, baba, karibu tena."

"Mimi nimeokoka mara tatu," Mama Jere, muuza vitumbua, alimwambia Kasonde. Huyu ni Mngoni, na Kasonde ni Mbemba, watani, kwa hiyo adabu hakuna. "Mara ya mwisho nilipewa fulana. Wewe una fulana?"

"Sina, mama."

"Basi kawahubirie nyani. Si ndiyo kitoweo chenu?"

"Na wewe wabatize panya wenu kabla hujawala."

Mama Jere alikuja kanisani hata hivyo, yeye na vibibi wenzake, kwa sababu kulikuwa na kivuli. Wokovu walikuja nao kutoka kwao.

Sasa Ndola wamechoka. Mwangalizi wao, Siame, anakuja Jumapili, na asipoona hata mtu mmoja akisimama kutoa maisha yake, kituo kinafungwa na nyumba ya misheni inarudishwa. Mkewe Kasonde, Musonda, alishahama na masufuria yake mara tatu, na sasa tumbo liko mbele. "Sitajifungulia sebuleni kwa kaka yangu," alisema. Hakurudia, na hakuhitaji kurudia.

Ndiyo maana kwenye ibada ya Jumatano Kasonde alitumia ile mbinu. Kila mwinjilisti anaijua, hakuna anayeikiri. Unawainamisha watu vichwa, unawafumba macho, unauliza nani anataka kuokoka ainue mkono. Haunyanyuki hata mmoja. Basi unasema umeuona, ili mwoga apate moyo.

"Naona mkono ule pale nyuma," alisema Kasonde kwa sauti ya asali. "Asante, mama. Nimekuona. Njoo mbele nikuwekee mikono."

Hakukuwa na mkono. Hakuna aliyekuja. Wakafumbua macho, wakaenda zao, na kesho yake ndiyo likaonekana lile tope.

Ijumaa jioni waliomba tena. Kasonde akamaliza, watu wakaitikia "Amina", kisha kutoka benchi la nyuma, ambalo halikuwa na mtu, ikaja "Amina" nyingine, nzito, ya mtu mwenye mdomo uliojaa kitu. Mama Jere hakutania. Alikusanya kitenge chake akatoka bila kugeuka. Sakafuni zilibaki nyayo za tope kutoka nyuma mpaka miguuni pa mimbari, na za kurudi hazikuwepo.

Jumamosi mchana nyayo zilikuwa jikoni kwake.

"Toka kwa jina la Yesu," alikemea Kasonde, tonge la nshima limempoa mkononi.

"Amina," ile sauti ikaitikia, karibu na sikio lake.

Akakemea mpaka sauti yake ikakauka, na kila alipokemea ile nyingine iliitikia kwa adabu zote, mpaka jasho na hasira vikamchanganyikia machoni. Jini la watu wengine hupiga mayowe na kukimbia. La kwake lilikuwa limeokoka.

"Pepo gani huyu asiyekemeka?" alinong'ona.

"Anasubiri," Musonda akanong'ona, mgongo ukutani, mikono juu ya tumbo. "Ulimwambia unamwona. Ulimwambia utamwekea mikono."

"Yalikuwa maneno tu, mke wangu."

"Mimi sikufumba macho siku ile. Ulikuwa unamwangalia mtu asiyekuwepo. Kesho kamwambie humwoni."

"Mbele ya Siame? Tutalala wapi?"

Musonda alitazama kiti kitupu kando ya mumewe, kilichokuwa kikidondosha maji mekundu. "Popote ambapo huyu hayupo."

Jumapili Mwangalizi Siame alikaa benchi la mbele, mzee mpole, suti nzuri, kitambaa puani kwa sababu ya ile harufu. Kasonde alihubiri vibaya kuliko siku zote. Kisha akawainamisha watu vichwa, akawafumba macho, na akahisi baridi imesimama mbele yake, kimo cha mtu, imeinamisha kichwa chake na kungoja mkono. Akafikiria nyumba, akafikiria masufuria, akafungua mdomo.

"Sioni mkono," alisema. "Leo sioni. Jumatano pia sikuona. Hakuna niliyemwita."

Ile baridi ikapungua. Tope la sakafuni likaanza kukauka mbele ya macho yake, likapasuka, likawa vumbi kama vumbi lingine la Mansa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano Kasonde akavuta pumzi iliyonuka karanga na jasho la vibibi, akajua amefukuzwa kazi, na akafurahi.

Lakini Siame naye alikuwa mwinjilisti wa siku nyingi, na moyo wake ulikuwa mwema, na alimhurumia kijana. Akiwa amefumba macho, akatabasamu, akasema kwa sauti ya asali:

"Mimi nauona, mwanangu. Naona mkono ule pale nyuma. Na mwingine dirishani. Na ule, na ule, ah, wako wengi, nawaona wote, njooni mbele wapendwa."

Benchi la nyuma likalia. Likalia la mbele yake, na lililofuata, safu kwa safu kama watu wazito wanavyoinuka pamoja, na harufu ya shimo bichi ikajaa mpaka vibibi wakaanza kukohoa, na Musonda mlangoni, ambaye safari hii pia hakuwa amefumba macho, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume hadi juani.

"Kituo hakifungwi," alisema Siame, macho bado yamefumbwa. "Shuka, Kasonde. Wawekee mikono."