Odeta Ainuka Kitini

Tereza alikuwa mkulima wa Buswelu. Alikuwa mjane, na umri ulikuwa umekwenda, lakini jembe lilikuwa bado halijamshinda. Kila baada ya mavuno alishuka Pasiansi, mjini Mwanza, kumtembelea mwanawe Nkwabi na mkewe Odeta. Safari hii aliwaletea karanga na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Odeta alikuwa karani katika kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Miaka hiyo ya tisini viwanda vya watu binafsi vilikuwa vinaongezeka Mwanza, na kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia maofisini. Kiwandani kwao ilikuwapo moja tu, na aliyeimudu ni Odeta peke yake. Tereza alijivunia sana jambo hilo. Aliwaambia wenzake sokoni, "Mkwe wangu anaendesha mashine inayoandika na kukumbuka."

Jioni ile gari la kiwanda lilimshusha Odeta mlangoni. Mtoto wake, Favour, alimkimbilia.

"Mama, nibebe!"

Odeta aliinama. Ghafla akashika kiuno na kuguna. Hakuweza kumnyanyua. Alijikokota hadi kwenye kiti, akavua viatu. Miguu yake yote miwili ilikuwa imevimba.

Tereza alimbeba mjukuu, lakini macho yake yalibaki kwa mkwewe. Alimkumbuka Odeta alipoolewa. Alikuwa akipanda kilima cha mawe na ndoo ya maji kichwani, huku akiimba.

"Umeanza lini kuumwa, mwanangu?"

"Siku nyingi kidogo, mama. Ni mgongo, shingo na miguu. Asubuhi napata nafuu. Jioni maumivu yanarudi."

"Ni ile mashine," alisema Tereza. "Inakula mgongo wako. Acha kazi hiyo. Shamba lipo."

Nkwabi alikuna kichwa. "Hata mimi nimewaza hivyo, Odeta. Kazi gani hii inayokurudisha nyumbani kama mgonjwa?"

Odeta alisogeza viatu kando. Kisha akasema taratibu, "Naipenda kazi yangu. Niliisomea jioni, nikiwa na mimba ya Favour. Mama, njoo kwanza uione. Ukishaiona, useme."

Kesho yake Tereza alivaa kitenge chake kizuri, wakafuatana. Meneja wa ofisi, Bwana Victor, alimsalimia kwa heshima na kumpa nafasi kwenye benchi.

Asubuhi hiyo lori lilikuwa linasubiri karatasi za mzigo wa kupeleka uwanja wa ndege. Mara simu ikalia. Mnunuzi alikuwa amebadili mahitaji yake. Dereva akaanza kulalamika kwamba barafu itayeyuka.

"Haitayeyuka," alisema Odeta.

Vidole vyake vilikimbia kama vya mtu anayepukuchua mahindi, wala hakuvitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Alibadilisha hapa, akafuta pale, na karatasi mpya zikaanza kutoka. Dereva alizichukua na kuondoka mbio. Tereza alibaki kinywa wazi. Aliona wanaume wenye mashati meupe wakija mmoja mmoja kumwuliza Odeta mambo, naye akiwajibu bila haraka. Hapo alielewa kwa nini binti huyu hataki shamba.

Lakini aliona na jambo jingine. Kiti kilikuwa kirefu, na miguu ya Odeta ilining'inia. Mgongo ulikuwa umepinda, na shingo imechomoza mbele. Chai ilipoletwa, Odeta alikunywa kidogo akasukuma kikombe.

"Nikinywa sana nitataka kwenda chooni," alisema. "Kazi italala."

Chakula cha mchana nacho akakila palepale. Tereza akashindwa kuvumilia.

"Odeta, hata kuku anayeatamia hushuka akanywa maji!"

Ofisi nzima ilicheka. Odeta pia alicheka, akajaribu kusimama. Akashikilia meza kwa mikono miwili, uso umekunjamana. Kicheko kikaisha.

Jirani yao Pasiansi alikuwa Nestory. Alifanya kazi hospitali, akiwatibu watu kwa mazoezi ya viungo. Jioni Tereza alimwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo umwone mwenzio. Kompyuta inamla."

Nestory alimwuliza Odeta maswali. Je, miguu inakufa ganzi? Inakosa nguvu? Mkojo unamtoka bila kujua? Mguu mmoja umevimba kuliko mwingine? Odeta alijibu hapana.

"Vizuri. Dalili hizo zingekuwa za kukimbizwa hospitali mara moja," alisema Nestory. "Hata hivyo, upimwe. Miguu huvimba kwa sababu nyingi."

Odeta alikwenda. Daktari alimpima moyo, figo na shinikizo la damu. Havikuwa na kasoro. Ndipo Nestory alipokuja kukaa nao tena.

"Mama, kompyuta haili mgongo," alisema. "Kinachoumiza ni kukaa bila kujongea. Unapotembea, misuli ya miguu husukuma damu irudi juu. Ukikaa kutwa, misuli inalala, na miguu inavimba. Mgongo nao unachoka na kukakamaa."

"Mbona sisi tunaolima hatukai, na migongo inatuuma?" aliuliza Tereza.

"Kweli kabisa, mama. Kuinama kutwa nako kunaumiza. Mwili hautaki mkao mmoja. Unataka kubadilishiwa."

Alimwonyesha Odeta namna ya kukaa. Nyayo zitulie chini, au juu ya kisanduku. Mgongo uegemee. Kioo kiinuliwe kilingane na macho.

"Lakini hata ukikaa vizuri, inuka kila baada ya nusu saa," alisisitiza. "Nyoosha mikono. Simama juu ya vidole vya miguu, ushuke, urudie. Kunywa maji, na chooni nenda. Na gari la asubuhi liache liende. Tembea. Anza polepole, uongeze."

"Watanicheka," alisema Odeta.

"Watacheka," alijibu Nestory. "Wewe inuka tu."

Na kweli walimcheka. Makarani walimwona akipanda na kushuka kwa vidole vya miguu, wakaulizana kama anafanya mazoezi ya gwaride. Siku moja Bwana Victor mwenyewe alisimama mlangoni.

"Odeta, mbona siku hizi hukai? Kazi imekwisha?"

"Karatasi zako ziko mezani, bwana. Zimekamilika tangu saa nne. Nikiinuka kidogo, nikirudi kichwa kinakuwa chepesi."

Bwana Victor alizipitia. Hakuona kosa. Aliguna, akaondoka. Wiki iliyofuata aliagiza printa ihamishiwe upande wa pili wa chumba, ili kila anayetaka karatasi atembee kuifuata.

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo Odeta alichoka njiani, akakaa juu ya jiwe kupumzika. Mvua ilimnyeshea. Jumamosi nyingine maumivu yalirudi, akatamani kuacha. Hakuacha. Aliongeza njia kidogo kidogo, hadi akawa anatembea kutoka Pasiansi mpaka kiwandani, na makarani wawili wa kike wakawa wanamsubiri waende pamoja. Uvimbe ulipungua. Maumivu ya shingo yalikwisha, na ya mgongo yakawa ya mara mojamoja. Nkwabi naye hakuzungumzia tena habari ya kuacha kazi.

Tereza alisikia habari hizo Buswelu. Alipoona msimu wa kilimo umetulia, alirudi mjini. Hakuja peke yake. Alimleta Gladness, binti yake wa mwisho, aliyekuwa amemaliza sekondari.

Odeta aliwapokea barabarani kwa mwendo wa haraka, akatwaa mzigo wa wifi yake. Tereza alimtazama kuanzia juu hadi chini, kisha wakaingia ndani wakaketi.

"Nilikuambia uache ile kazi," alisema. "Nilisema kwa uchungu, mwanangu, lakini nilikosea. Huyu mdogo wako naye anaitaka kompyuta. Sina wa kumkabidhi ila wewe."

"Nitamfundisha, mama."

"Mfundishe yote," alisema Tereza. "Lakini kabla hujamfundisha kukaa, mfundishe kuinuka."